Zuio Kwenye Mlango wa Kijani

Sajini hakupiga hodi. Alisimama mbele ya mlango wa kijani, mikono nyuma, akautazama kama alivyokuwa akiwatazama mashahidi enzi zake kituoni, hasa wale waliokuja na maelezo yaliyonyooka mno.

Ulikuwa mlango wa mbao nene, kazi ya zamani, kabla mafundi hawajajifunza kuuza makaratasi magumu kwa jina la mbao. Kitasa chake kilikuwa cha shaba, chenye umbo la samaki. Sajini aliukagua usawa wa macho kwanza, mahali ambapo mtu mwenye akili timamu angebandika karatasi. Hapakuwa na tundu la msumari wala mkwaruzo. Akainama taratibu, maana magoti yake nayo yalikuwa yamestaafu. Chini, usawa wa goti, akakuta doa la mstatili, utando mkavu ulionasa vumbi. Mstatili wenyewe ulikuwa umelala kiubavu. Alipoukwaruza kwa ukucha ukatoa unga kama wa uji uliokauka.

“Sajini,” sauti ikatoka dirishani, “ukimaliza kuuposa huo mlango, ingia. Chai inapoa.”

Mwenye sauti alikuwa Mama Vifungo, mshonaji. Mtaa mzima ulimwita hivyo kwa sababu mfukoni mwake hapakosekani vifungo, na kifuani hapakosekani pini. Jina lake la kwenye vyeti lilijulikana na serikali tu, na serikali ilikuwa imelitumia vibaya.

Alikuwa anaiuza nyumba. Mnunuzi alikuwa nesi, mwanamke mpole, na bei walikwisha kupatana bila hata kunyimana soda. Kisha nesi akaenda ofisi ya ardhi kuhakikisha nyumba haina matatizo, akarudi na uso mrefu. Nyumba ilikuwa na zuio la mahakama. Kampuni fulani ilimshtaki Mama Vifungo kwa deni, hukumu ikatolewa yeye hayupo, kampuni ikaichukua ile hukumu na kuisajili juu ya nyumba. Mpaka deni lilipwe, au mahakama iseme vingine, nyumba haiwezi kubadili mikono. Na yeye mwenyewe, wakati anashtakiwa na kushindwa, alikuwa chini ya dari hiyo hiyo anakunja pindo la suruali ya mtu.

Ndivyo walivyo wakubwa. Wakikupa kitu watakuita jukwaani wakushike mkono. Wakikunyang’anya, unaambiwa na faili.

Wakati ulikuwa mfupi. Mama Vifungo na mdogo wake wa kike walikuwa wameweka arbuni kwenye fremu ya duka yenye madirisha mawili ya kioo, wapate kushona pamoja kama walivyoota tangu wasichana. Mdogo mtu, kwa haraka zake, alishachora hadi kibao. Mwenye fremu alisema atangoja hadi Ijumaa jioni. Nesi naye alisema hivyo hivyo, akaongeza kwa upole kwamba kuna nyumba nyingine ameonyeshwa. Wangeweza kukata deni kwenye bei ya nyumba, lakini deni lenyewe, pamoja na riba na gharama za wakili, lilikuwa limevimba kama andazi kwenye mafuta. Ambacho kingebaki hakingenunua hata dirisha moja kati ya yale mawili.

Leo ilikuwa Jumatano.

Sajini alikubali kazi hii kwa malipo ya suruali moja, kwa kuwa marehemu mkewe alishonewa kila gauni lake na mikono hii, likiwemo la mwisho. Hilo hakulisema. Alikunywa chai, akafungua nakala za faili alizozipata mahakamani jana baada ya kutumwa madirisha manne, na kila dirisha lilikuwa na mtu aliyekwenda kula.

Alimwuliza kama kampuni ile anaifahamu. Mama Vifungo akalitazama lile jina refu, akasema halijui hata kwa kulisikia redioni. Madai yalikuwa ya vifaa vya ujenzi. Akasema vifaa pekee alivyowahi kukopa maishani mwake ni mabati ya paa hili, kwa Misumari wa dukani pale, na yeye na Misumari walishamalizana kitambo, tena kwa kicheko.

“Mlimalizana kwa risiti?”

“Kwa maneno, kaka. Misumari akisema, amesema.”

Sajini akapekua faili. Alikuwa amesikia watu wengi wakilizwa na maneno ya namna hiyo. Akamgeuzia karatasi ya kiapo. Mpeleka samansi wa mahakama alikuwa ameapa kwamba Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa sita alifika nyumbani kwa mdaiwa, hakumkuta, akabandika wito kwenye mlango wa nyumba. Ndicho kiapo kilichomfanya hakimu aseme mdaiwa ameitwa na amedharau.

Mama Vifungo akaapa kwa mabati yote yaliyo juu ya kichwa chake kwamba hakuwahi kuona karatasi mlangoni. Kuhusu lile doa la chini, alisema ni uchafu tu, amelisugua mpaka mkono ukamuuma, na kama Sajini amekuja kukagua usafi basi aseme mapema afagie na uvunguni.

Kwa hiyo suala lilikuwa moja, na Sajini aliliweka wazi kabla ya kuondoka: ama mwanamke huyu anasema uongo, ama mpeleka samansi alikijaza kile kiapo akiwa mezani anakunywa chai. Yeye alikuwa na hakika ni la pili. Amekula mshahara wa serikali miaka yake yote. Alijua serikali inavyofanya kazi siku ya Jumamosi.

Ng’ambo ya barabara, uso kwa uso na mlango wa kijani, palikuwa na kibanda cha kinyozi. Kinyozi alimwona Sajini anakuja, akatazama upara wake, akauliza leo tumekuja kunyoa nini.

Sajini akakaa kwenye kiti. Kutoka pale aliweza kuona kitasa cha samaki kikimeta, hata mkia wake. Akauliza kama kinyozi anaikumbuka Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa sita.

Kinyozi alicheka. Alisema kinyozi hasahau siku ya mauzo, na siku ile wanaume wa mtaa mzima walinyoa asubuhi, hadi wale wanaonyolewaga na wake zao. Ilikuwa harusi ya binti wa Misumari. Baada ya wateja kwisha hakwenda kula harusi. Walimletea sahani hapa hapa, kwa sababu alikuwa ameachiwa ulinzi wa nyumba ya Mama Vifungo.

“Ulinzi wa nini?”

“Nyumba ilikuwa wazi. Haikuwa na mlango.”

Sajini akageuza kiti kizima.

Kinyozi akaeleza kama mtu anayeeleza jua linachomozea wapi. Kwa Misumari meza zilipungua, na meza kuu ya maharusi ilitakiwa iwe pana, isiyoyumba. Vijana wakazunguka mtaani wakitafuta. Mama Vifungo akasema mlango wangu je? Wakaung’oa kwenye bawaba alfajiri, wakafungua kitasa, wakaubeba mabegani kwa nyimbo kama bibi harusi wa pili. Kwake pakatundikwa pazia. Mlango ukarudi kesho yake, umesuguliwa kwa maji ya moto na sabuni.

“Siku ile nzima hukuona mtu wa mahakama?”

“Sajini, niliona kuku watatu na mbuzi mmoja. Binadamu mgeni alikuwa mmoja tu, fundi seremala mzee na chupa yake ya gundi. Aliulizia mlango, nikamwambia uko harusini, akaenda zake kuufuata.”

Fundi hakumhusu Sajini. Alichokuwa nacho kilimtosha. Mtu ameapa mbele ya sheria kwamba alibandika karatasi kwenye mlango, siku ambayo mlango haukuwepo. Katika miaka yake yote ya kazi hakuwahi kuletewa uongo uliofungwa vizuri namna hii, umebaki kutiwa utepe. Alishuka kwenye kiti akiimba kidogo, jambo ambalo kinyozi alilisimulia jioni nzima.

Mpeleka samansi aliitwa Mzee Gundi. Hakuna aliyemwita vingine pale mahakamani, tangu hakimu hadi mfagizi. Sajini alimkuta chini ya ngazi za nyuma, kwenye kibenchi, amefungua bakuli la chakula cha mchana, na kando ya mguu wake imesimama chupa ya gundi yenye brashi shingoni. Alikuwa mzee mwembamba, safi, shati limepigwa pasi mpaka linakata. Ameweka mguu juu ya goti, na soli ya kiatu ikaonekana: ilikuwa imezibwa kiraka cha mpira mwekundu.

Akamkaribisha Sajini chakula. Sajini akashukuru, akakaa, akaanza kumzungusha taratibu. Ni kweli alikwenda mwenyewe? Alikwenda mwenyewe. Kwa miguu? Mzee Gundi akasema wakubwa wana magari matatu pale nje, na kati ya hayo hakuna linalojua njia ya kwenda kwa mshonaji. Ni Jumamosi, kwa nini afanye kazi? Kwa sababu karani mkuu alitaka viapo vyote mezani Jumatatu, na yeye alibakiwa na samansi moja. Wakubwa wakichelewesha faili mwaka mzima huitwa utaratibu. Yeye angechelewa siku moja angeitwa mzembe.

“Huo mlango uliobandika ulikuwaje?”

“Wa kijani. Mbao nene. Fundi wa zamani aliutendea haki.”

“Na kitasa?”

“Hakikuwepo. Palikuwa na tundu tu.”

Hapo Sajini alipaswa kusita, akilini kukagonga kitu. Lakini alikuwa ameshaukunja mkono kupiga pigo lake, na mkono uliokunjwa haurudi bure. Akasogea karibu, akashusha sauti.

“Mzee wangu, nina shahidi. Siku ile nyumba ile haikuwa na mlango.”

Mzee Gundi alitafuna, akameza, akafuta mdomo kwa leso.

“Najua,” akasema.

Mtu alipita juu yao na viatu vizito. Sajini akatazama chupa ya gundi. Akamkumbuka seremala wa kinyozi, seremala asiye na msumeno wala nyundo, aliyeulizia mlango akaufuata. Akalikumbuka lile tundu lisilo na kitasa. Mwisho akaukumbuka mstatili uliolala kiubavu usawa wa goti, mahali ambapo mtu aliyesimama hawezi kubandika kitu bila kujichekesha. Vipande vikaja vyenyewe vikakaa, kama mikono ya shati inavyokuta mabega yake.

“Ulilala chali,” Sajini akauliza, “au kifudifudi?”

“Chali. Kifudifudi ningebandika ardhini.”

Kisha akaieleza yote, bila haraka, na Sajini akamsikiliza bila kumkatiza. Alifika kwenye nyumba, akakuta pazia. Sheria haisemi pazia. Akaelekezwa harusini. Akaukuta mlango umetandikwa kitambaa cheupe, umebeba masufuria ya wali na mchuzi, maharusi wamekaa nyuma yake, na mdaiwa mwenyewe yuko kule anamshikia bibi harusi pindo la gauni, anacheka meno yote nje. Angeweza kwenda kumkabidhi mkononi.

“Mbele za watu wote wale?” akasema Mzee Gundi. “Umpe mtu samansi harusini, mbele ya wakwe? Mimi nina mabinti, Sajini.”

Akangoja watu wainuke kucheza. Mlango ulikuwa umewekwa upande laini juu, upande wa nje chini. Akaingia mvunguni kwa upande wa mwisho, akapaka gundi, akabandika, akatoka na magoti ya suruali meusi. Mama mmoja alidhani kaangusha kitu, akamhurumia, akamletea sahani. Akala. Jumatatu akaapa.

“Sheria inasema nibandike kwenye mlango wa nyumba ya mdaiwa. Nilibandika kwenye mlango wa nyumba ya mdaiwa. Haikusema mlango uwe umesimama.”

Sajini alitaka kukasirika, akatafuta hasira kila mfuko, hakuipata. Alicheka mpaka akashika ngazi. Usiku ule ule wa harusi wanawake waliuosha mlango kwa maji ya moto, na wito wa mahakama ukaondoka na masalia ya mchuzi. Ikabaki gundi peke yake, gundi ya kazi nzuri mno.

“Lakini mzee, hukufikiri ataipataje?”

Mzee Gundi akainamisha kichwa. Akasema alifikiri, tena sana. Ndiyo maana hakusahau tundu la kitasa. Ila alipowahi kumwambia karani mkuu kwamba mlango fulani hauko sawa, aliambiwa kazi yake ni gundi, si maneno. Kisha akatazama pembeni, akasema kuna jambo jingine ambalo Sajini huenda halijui, nalo limemkaa kooni kuliko wali wa siku ile. Hiyo kampuni yenye jina refu, iliyomshtaki yule mama, ni duka la vifaa tu lililosajiliwa upya na wakili. Mwenyewe alikuwa pale pale harusini. Ndiye baba wa bibi harusi.

Sajini akasimama. “Funga bakuli, mzee. Tunakwenda.”

Dukani kwa Misumari palinukia saruji na rangi. Mwenyewe alikuwa nyuma ya kaunta, mtu wa tumbo na sauti, anampimia mteja misumari kwenye mizani huku akimsimulia habari isiyohusiana na misumari. Kila mwanaume kwake alikuwa mjomba na kila mwanamke alikuwa mama. Sajini aliingia na Mama Vifungo, Mzee Gundi akabaki mlangoni, ameishika chupa yake kama mtoto aliyeitwa kwa mwalimu.

Misumari alifurahi kumwona Mama Vifungo. Akaagiza kiti na soda, akauliza nyumba itauzwa lini tuje kula. Mama Vifungo akabaki amesimama. Alikuwa ameshaambiwa njiani, na pini za kifuani zilikuwa zinapanda na kushuka.

Sajini akauliza kwa heshima kuhusu kesi za kampuni. Uso wa Misumari ukafunga duka. Akasema hayo ni ya wakili. Wadaiwa walikuwa wengi, wamemla mpaka mifupa, wakili akawakusanya wote fungu moja, akawapa namba. Yeye hajui nani ni nani na hataki kujua. Aliyeitwa akakaa nyumbani, amedharau mahakama na amemdharau yeye; basi nyumba yake ikamatwe.

“Mdaiwa wa saba je?” Sajini akauliza, akisoma namba kwenye nakala zake za faili.

“Awe wa saba, awe wa sabini. Mjomba, mimi sina undugu na mwizi.”

Mama Vifungo akaweka soda chini bila kuinywa. Sajini akamwonyesha kwa jicho angoje kidogo. Alikuwa ameona kitu ukutani, juu ya makopo ya rangi: picha kubwa ya harusi ndani ya fremu ya dhahabu. Akaomba kuisogelea. Misumari akalainika papo hapo, kama wanavyolainika baba wote, akaja mwenyewe kuishusha na kuipangusa vumbi kwa kiwiko.

Gauni kwenye picha lilikuwa jeupe, lenye vifungo vidogo mgongoni mpaka shingoni, vingi kama mbegu. Maharusi wamesimama, watu nyuma yao wanacheza. Mbele kuna meza kuu na kitambaa chake. Na chini, kwenye pindo la kitambaa, upande wa mwisho wa meza, zimechomoza nyayo mbili za viatu, vidole juu.

Misumari alikuwa ameona jicho la Sajini lilipofika. Akakohoa. Alisema hizo nyayo zimeleta ugomvi mkubwa nyumbani kwake. Mkewe anasema ni mjomba upande wa mume, alizidiwa na kinywaji; upande wa mume wanasema ni wa kwetu. Mpiga picha aliombwa azifute akadai pesa nyingine.

“Mzee,” Sajini akaita bila kugeuka. “Hebu njoo. Inua mguu.”

Mzee Gundi akaja, akashika kaunta, akainua mguu nyuma kama farasi anayepigiliwa chuma kwatoni. Kiraka chekundu. Misumari akatazama soli, akatazama picha, akarudi kwenye soli. Soli ya kulia kwenye picha ilikuwa na kiraka chekundu.

“Wewe ulikuwa unafanya nini chini ya meza ya mwanangu?”

“Nilikuwa naleta samansi yako,” akasema Mzee Gundi.

Ndipo Sajini akamweleza, kipande kwa kipande, kama mtu anayerudisha mlango kwenye bawaba. Meza ile ilikuwa mlango wa nani. Karatasi ilibandikwa wapi, na nani aliyeisugua kwa maji ya moto bila kujua. Mwisho akamweleza kwamba yeye Misumari, baba mwenye shughuli, alikula wali wa harusi juu ya kesi yake mwenyewe, akaongeza na mchuzi.

Misumari akaiweka picha juu ya kaunta.

“Basi huyo wa saba…”

“Ni mimi,” akasema Mama Vifungo. Sauti yake haikupanda. “Kaka, mabati na gauni. Ulisema nini siku nilipolileta gauni?”

Misumari akaketi juu ya mifuko ya saruji. Vumbi likapanda likamzunguka. “Nilisema ngoma droo,” akajibu taratibu. “Nilisema mabati na gauni ngoma droo, hatudaiani. Na nikamsahau wakili. Daftari alikuwa ameshalichukua mwezi uliotangulia.” Akaishika picha kwa mikono miwili, akavitazama vile vifungo vya mgongoni. “Mlango wake nimekula juu yake. Gauni lake mwanangu ameolewa nalo. Na nyumba yake nimeifunga. Mama Vifungo, binti yangu akisikia hili, mimi nitakwenda kuishi wapi?”

Mama Vifungo alijaribu kubaki na hasira. Ilimshinda kwenye kona ya mdomo. Akasema akikosa pa kuishi kuna nyumba inauzwa, lakini ina zuio. Hapo ndipo kicheko kilipowapata wote. Misumari alicheka mpaka mfuko wa saruji ukapasuka chini yake, na mteja wa misumari, aliyekuwa bado anangoja kupimiwa, akacheka naye bila kujua kwa nini.

Wakili alipigiwa simu hapo hapo, sauti ikiwekwa juu. Akasema kwa Kiswahili cha mapazia mazito kwamba hukumu ni hukumu, kuitengua kunahitaji maombi, maombi yanahitaji tarehe, na tarehe zimejaa. Misumari akamtazama Sajini.

Sajini alikuwa ameliwazia hilo njiani. Hakuna haja ya kutengua. Mwenye deni akikiri mbele ya mahakama kwamba amelipwa lote, hukumu imekwisha kazi, na zuio halina pa kusimama. Na amelipwa: gauni lipo, limevaliwa, lina picha.

“Umesikia?” Misumari akaiambia simu. “Andika mdai amelipwa. Leo. Na gharama zako unidai mimi, nami nitakulipa kwa saruji.” Akaikata kabla haijaanza tena kuongea.

Alhamisi waliimaliza mahakamani, Misumari akisaini kila walipomwonyesha, hata mara moja mahali pa hakimu, karatasi ikaandikwa upya. Ijumaa ofisi ya ardhi waliambiwa mtambo umelala. Sajini akasema hana haraka, akakaa mbele ya dirisha na kuanza kumsimulia karani habari ya mlango, kwa sauti ya kusikika hadi foleni ya nyuma, ila akakataa kuumalizia mwisho mpaka mtambo uamke. Uliamka kabla ya saa nane. Zuio likafutwa, nesi akalipa, na mdogo wake Mama Vifungo akawahi kwa mwenye fremu huku akikimbia na kiatu kimoja mkononi.

Wiki iliyofuata ndipo nyumba ilipokabidhiwa. Nesi alikuwa na sharti moja la aibu aibu: aliuliza kama angeweza kupata mlango mwingine, maana ule sasa unajulikana mjini kuliko yeye. Misumari akaleta mpya, bila bei, akiupakia mwenyewe kana kwamba anamwoza binti wa pili. Mlango wa kijani ukang’olewa tena, ukalazwa juu ya vigingi viwili barabarani ukingoja gari. Ulikuwa unakwenda kuwa meza ya kukatia vitambaa kwenye fremu mpya, upande laini juu.

Sajini alikuwa amesimama kando, akijaribu mifuko ya suruali yake mpya, Mzee Gundi alipotokea kwenye kona na chupa yake. Mahakama ilikuwa imemtuma alete kwa mdaiwa nakala ya amri ya kufuta zuio, amri ambayo mtaa mzima ulishaila na kuinywa. Alifika kwenye nyumba. Palikuwa na tundu la mlango, na mafundi. Akageuka, akauona mlango wa kijani umelala juu ya vigingi. Akasimama. Akaanza kufungua kifuniko cha chupa.

“Mzee,” akasema Mama Vifungo, akinyoosha mkono. “Mwenyewe nipo.”

Akaipokea, akasaini kwa kalamu ya kuchorea vitambaa. Mzee Gundi akakunja kiapo chake, akapewa soda, akarudi kazini na chupa imejaa vile vile. Jumatatu karani mkuu alimwita, akaitazama ile chupa, akamtaka aeleze kwa maandishi kwa nini hakutumia vifaa vya ofisi.